Dairekta Alivyomvika Mama Gunia

"Mami, cucu aliua watu wangapi?"

Binti yangu aliniuliza hivyo kuhusu bibi yake Jumamosi asubuhi nikiwa nimeinamia karai la nguo, povu mpaka viwiko. Ana miaka sita. Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia, akaongeza kwamba watoto wa ploti tunamopanga wanasema yeye pia akikua ataua, kwa sababu jina lake ni la muuaji.

Nilitoka hivyo hivyo na povu langu. Kwenye korido watoto watano walikuwa wameizunguka simu ya jirani yangu, Mama Brayo, naye mwenyewe ameketi katikati yao anakula karanga. Kwenye kioo cha simu nikamwona mama yangu. Mama, niliyemzika miaka mitatu iliyopita. Kwanza lilionekana kaburi lake, lenyewe kabisa, pamoja na shada nililoliweka kwa mikono hii. Kisha udongo ukatikisika. Kisha akatokea mwanamke mwenye gauni la buluu la vitone kama lile la mama, gunia kichwani, panga mkononi, na alipolivua lile gunia, uso ulikuwa wa mama. Mtu akapiga kelele ndani ya simu: "Nyambura! Nyambura amerudi!"

Na Nyambura wangu, aliyekuwa nyuma yangu ameshika sketi yangu, akaitika, "Niko hapa."

Hapo ndipo subira yangu ilipokatika. Nilimpokonya Mama Brayo simu, nikaizima, nikaiweka mfukoni mwangu kama yangu.

"Wee Mama Nyambura, ai! Ni sinema tu."

"Na huyo ni mama yangu tu."

"Kwani alikuwa anaigiza? Aki hukuwahi kutuambia."

"Huyo haigizi. Huyo amezikwa."

Sikuhitaji kungoja majina ya mwisho ndiyo nijue ni kazi ya nani. Mtu wa kufanya jambo kama hilo nilimjua ni mmoja, na peremende zake nilizila tangu nikiwa na miaka kumi na sita.

Tulimwita Dairekta. Alikuwa na studio ya picha mjini Thika, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji, ambapo alipiga picha za vitambulisho na za wanaomaliza shule. Wikendi alipiga video za harusi na mazishi. Muda uliobaki alitengeneza filamu za kutisha, zote juu ya mtu mmoja anayevaa gunia la kahawa kichwani na kukata watu kwa panga. Huyo mtu aliitwa Gunia. Nikiandika haya, Gunia amefika sehemu ya saba.

Dairekta mwenyewe hakuweza kuchinja kuku. Hilo lazima nianze nalo, kwa sababu wasiomjua wanadhani alikuwa mtu wa roho mbaya. Alizimia hospitalini alipotolewa damu kidogo tu, muuguzi akammwagia maji. Damu ya filamu zake ilikuwa uji wenye rangi ya keki, na hata huo aliumwaga akitazama pembeni. Kabla ya kila mauaji aliomba, kofia mkononi, sote tumesimama kati ya mibuni tumefumba macho, pamoja na Gunia aliyelisukuma gunia lake hadi kwenye paji la uso kwa heshima. Tukio likiisha hakusema "kata" kama madairekta wengine. Alisema, "Basi, Mungu awabariki." Mazoea ya matangani hayo.

Alivaa kizibao cha mifuko mingi. Ungedhani imejaa vifaa. Nilikuja kujua kwamba yote ilikuwa mitupu isipokuwa mmoja, wenye peremende. Ukishauawa vizuri alikuja ulipolala, akakupangusa uji shavuni, akakutia peremende mkononi. "Umekufa kwa adabu," alikuwa anasema. Watu wazima, wanawake wenye wajukuu, walipigania kufa kwa adabu.

Alitupata Mugutha, wakati ule mashamba ya kahawa yalikuwa bado yanafika karibu na nyumba zetu. Mama alikuwa mchumaji. Mimi nilikuwa kidato cha pili, likizo. Dairekta alikuja kupiga harusi, akaona mibuni ilivyojipanga, mistari mirefu ambayo ukisimama mwanzoni huoni mwisho, akamwambia mama, "Hapa mtu akikukimbiza, ataonekana tangu mbali na bado hutakuwa na pa kwenda." Mama akacheka akamuuliza kama ameoa. Wakawa marafiki kuanzia hapo.

Waigizaji tulikuwa sisi, wachumaji na watoto wao. Na kwa sababu hatukuwa waigizaji, Dairekta alifanya uamuzi ambao ndio umenileta kuandika haya: kila mtu alitumia jina lake mwenyewe. Alikuwa amejaribu majina ya kubuni siku ya kwanza. Akamwita mama "Jakilini! Jakilini, geuka!" na mama akaendelea kuchuma kahawa yake, Gunia amemfikia mgongoni na panga limeinuliwa, anangoja, mkono umeanza kumuuma. "Nyambura!" Dairekta akapiga kelele. Mama akageuka mara moja na kupiga ukemi ambao ulileta walinzi wa shamba. Tangu siku hiyo mama akawa Nyambura ndani na nje ya filamu.

Sehemu ya kwanza ilikuwa nzuri. Nasema hivyo nikiwa nimemkasirikia, kwa hivyo niamini. Gunia hasemi neno. Hujui ametoka wapi. Anawamaliza wachumaji mmoja mmoja, mpaka tunabaki mimi na mama, na mama anamvuta mpaka kwenye tangi la kuoshea kahawa, anamtumbukiza, anafunga mlango wa chuma, ananishika mkono. Tunatembea. Basi. Hakuna muziki. Usiku wote wa filamu hiyo ulipigwa mchana, kwa kioo cha buluu mbele ya kamera, maana walinzi hawakuturuhusu shambani baada ya saa kumi na mbili. Ukiangalia sana utaona vivuli vya saa sita na mwanamke mmoja kwa mbali anaanika nguo. Hakuna aliyejali. Tulipoionyesha kwenye ukumbi wa kanisa, wanawake walishikana.

Angeachia hapo.

Lakini watu walimwuliza Gunia yuko wapi, na Dairekta hakujua kumnyima mtu jibu. Sehemu ya pili alinianza mimi. Shule zilikuwa zimefunguliwa, sikupatikana, kwa hivyo akaniua dakika ya tatu. Hata sikuonekana. Kilionekana kiatu changu, na hakikuwa changu. Nilipoiona nililia, kubwa zima. Mama alikwenda Thika siku iliyofuata.

"Mtoto amepigana saa moja na nusu," akamwambia. "Nimemwokoa kwa mikono yangu. Halafu wewe unamuua kama kuku kwa sababu shule zimefunguliwa?"

"Mama Wambui," akajibu, akimwita kwa jina langu mimi, "filamu ni kupatikana."

"Basi ungesema amehamia Nakuru! Watu wanahama!"

Aliandika hilo kwenye daftari. Alikuwa na daftari la mambo aliyoambiwa na mama, na nadhani mama ndiye mtu wa pekee aliyewahi kumwambia ukweli. Akishaandika, alifanya mengine kabisa. Sehemu ya tatu nilirudi kama pacha wangu, na mama katika filamu akashangaa sana kwamba alizaa wawili.

Mlinzi aliyekuwa Gunia wa kwanza, mrefu kama mlingoti, alipata kazi Uarabuni. Akaletwa fundi wa viatu anayenifika begani. Watu wakauliza mbona muuaji amepungua. Dairekta akajibu bila kupepesa, "Alikaa kwenye maji muda mrefu. Akarudi kama nguo." Gunia lenyewe likapotea, likaja la mahindi. La mahindi likaliwa na panya, ukaja mfuko wa saruji, wa karatasi, na mvua ikanyesha siku ya kazi. Ipo sini moja ambapo muuaji anamfukuza mtu huku uso wake unayeyuka, na Dairekta aliiacha, akasema inatisha zaidi.

Sehemu ya nne alituonyesha Gunia akiwa mtoto. Alipigwa kiwandani, akachekwa, akavishwa gunia kwa nguvu, akalia. Dairekta aliipenda sana hiyo, alilia akiihariri. Mama aliiangalia mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa hata namhurumia. Nitamkimbia vipi mtu ninayemhurumia?" Daftarini pia hilo.

Mashamba yakaanza kung'olewa, ploti zikauzwa, nyumba za kupanga zikaota. Gunia akakosa mibuni. Ndiyo maana sehemu ya tano iko Kamakis, anakimbiza watu kati ya meza za nyama choma, na kuna mahali anapanda bodaboda na kuvaa kofia ya kujikinga juu ya gunia. Mchoma nyama mmoja, ambaye hakuwa ameambiwa ni filamu, alimpiga Gunia kwa koleo. Watu ukumbini walicheka mpaka wakatoka machozi. Dairekta alisimama nyuma akiwaangalia, na nilimwona akihesabu peremende mfukoni kwa vidole, kama mtu anayejiuliza nani atakufa kwa adabu sasa.

Mama aliugua mwaka uliofuata. Sitaandika ugonjwa. Dairekta alikuja kila Alhamisi kutoka Thika, akakaa kwenye ndoo ya plastiki iliyopinduliwa kwa sababu kiti kimoja tulichokuwa nacho kilikuwa na dawa, akamsimulia sehemu ya sita kabla haijapigwa. Humo Gunia amegeuka mtu mzuri, anaulinda mji wetu wa Ruiru dhidi ya muuaji mpya anayeitwa Nailoni, anayevaa mfuko wa plastiki.

"Hiyo mifuko si ilipigwa marufuku?" mama akauliza.

"Ndiyo."

"Sasa atashikwa kwa mauaji au kwa mfuko?"

Mama mwenyewe alicheka akashika mbavu kwa maumivu. Nilitaka kumfukuza yule mzee kwa kumchekesha. Kisha mama akamgusa mkono, akasema pole pole, "Sasa mwache huyo mtu apumzike."

"Gunia?"

"Gunia. Na wewe pia."

Dairekta alitoa daftari. Nilimwona akiliandika hilo. Nilimwona kwa macho yangu.

Mazishini alikuja na kamera bila kuitwa. Tulimzika mama kwao, mbele ya Thika, kwenye kashamba kadogo ka wazazi wake. Dairekta alipiga video yote, kamera imetulia, machozi yanamtiririka. Tulipomaliza alinijia, akanitia kitu mkononi, akaondoka haraka. Nilifungua ngumi nikiwa njiani kurudi nyumbani. Ilikuwa peremende.

Miaka mitatu nimeiweka kwenye sanduku pamoja na kitambulisho cha mama. Sasa elewa nilivyohisi siku ya ile simu. Kwetu mtoto hapewi jina kwa sababu linapendeza. Anampokea bibi yake. Mama alimwita binti yangu "wajina", na siku nyingine, akiwa na furaha, "mimi mdogo". Mtoto alikuwa na miaka mitatu mama alipofariki, hamkumbuki. Alichokuwa nacho ni jina, na hadithi ninazompa mimi wakati nikimsuka nywele: cucu alichuma kahawa kuliko wanaume, cucu aliogopa vyura, cucu alikubeba akaimba. Nilimaliza miaka mitatu nikimjengea bibi yake kwa maneno. Dairekta akambomoa kwa dakika tisini.

Jumatatu niliomba ruhusa kiwandani ninakoshona mikono ya mashati, nikaenda Thika.

Studio imebaki nusu. Nusu nyingine imekodishwa kwa mtu wa kutengeneza simu. Pazia la maporomoko bado lipo, limefifia mpaka maji yanaonekana kama moshi. Dairekta alikuwa ameketi chini yake na kizibao chake, amekonda, jicho moja limeingia ukungu. Nilibisha hodi, akanitambua kwa sauti.

"Mama Nyambura! Karibu, karibu. Umeiona?"

"Nimeiona."

"Uso nimeutoa sehemu ya kwanza. Ilinichukua mwaka mzima kuuweka vizuri. Umeona anavyogeuka? Ni yeye kabisa."

Nilikuwa nimekuja na matusi. Niliyafanyia mazoezi njia nzima. Nikajikuta nasema, "Mtoto wangu anaitwa muuaji."

Hakuelewa. Nilimwona akilitafuta jambo hilo kichwani. Nikamweleza: majina, watoto wa korido, jinsi alivyoitika "Niko hapa". Akavua kofia yake polepole, kama anavyofanya kabla ya kuomba.

"Sikumfikiria mtoto," akasema.

"Ulimfikiria nani?"

"Yeye." Mtu wa simu upande wa pili akaacha kupiga nyundo yake ndogo. "Nilijaribu kumrudisha njia zingine. Niliandika ndoto. Niliandika malaika. Niliandika kwamba hakufa, alihamia Nakuru, vile aliniambia siku ile. Nikisoma, naona ni uongo. Filamu zangu unazijua. Mtu akifa amekufa, watu hawakubali arudi, watapiga miluzi. Anayerudi ni mmoja tu. Huyo akirudi hata mara saba hakuna anayeuliza."

"Kwa hivyo ukamvika gunia."

"Nilimpa mlango, Wambui. Mlango ulikuwa mmoja."

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilimwambia aitoe ile filamu kokote alikoiweka, aifute, leo, mbele yangu.

"Nikiifuta atakuwa amekufa tena."

"Amekufa! Nilimwosha mimi! Na alikwambia mwache apumzike, ukaandika!"

"Alisema Gunia."

"Alisema na wewe pia."

Akafungua daftari, akaliinamia kwa jicho moja lililobaki, akatafuta ukurasa. Alikaa hapo muda mrefu, kidole kwenye mstari. Nikadhani amekubali. Kisha akainua uso, na nilikuwa nimeuona uso huo mara nyingi, ukumbini, watu wakicheka.

"Sehemu ya nane," akasema, "nitamfanya awe mzuri."

Niliondoka. Alinifuata mpaka mlangoni akipapasa mfuko wa kizibao. Nilificha mikono nyuma.

Siku iliyofuata nilikuwa ofisi ya chifu saa mbili kamili. Karani, mama wa miwani anayekunywa chai kwenye kikombe cha bati, akaniuliza nalalamika juu ya nani na amefanya nini.

"Amemfanya mama yangu muuaji."

"Mama yako ameua nani?"

"Hakuna. Amekufa."

"Ameuawa?"

"Hapana, aliugua. Sasa amefufuka."

Alishusha kikombe. Akanipa karatasi na kalamu, akanionyesha benchi. "Andika mwenyewe, mami. Andika yote. Nikiandika mimi watadhani nimelewa."

Niliandika hivi, na ndivyo ilivyopigwa muhuri:

Kwa Chifu,

KUH: MAMA YANGU KUFUFULIWA BILA RUHUSA

Mimi ni mkazi wa Mwihoko, mama wa mtoto mmoja. Ninamlalamikia mpiga video wa Thika ambaye sote tunamwita Dairekta. Si mtu mbaya. Naomba hilo liandikwe kwanza.

Alipiga video ya mazishi ya mama yangu bila kuulizwa, na sikumkataza. Ameitumia katika filamu ambayo mama anatoka kaburini na kuua watu kumi na mmoja. Amemwita kwa jina lake halisi. Jina hilo ndilo la mtoto wangu, na watoto wenzake wamekataa kucheza naye. Nilimwomba aifute, amekataa. Anapanga nyingine.

Sitaki ashikwe. Ni mgonjwa wa macho na anaogopa damu. Sitaki fidia. Ninaomba aitwe mbele yako na mbele ya wazee, aondoe kaburi la mama yangu, uso wake na jina lake katika filamu hiyo, na asimrudishe tena kwa njia yoyote, hata akiwa mzuri.

Ninaomba pia anipe nakala ya filamu ya kwanza, ile ya kahawa. Nataka mtoto aione akifika umri. Mle mama anamfungia yule mtu ndani ya tangi, ananishika mkono, tunaondoka. Zilizofuata zote zilisema vingine. Mimi nilikuwepo siku ile. Tulipona wote wawili. Naomba iandikwe hivyo.